Muulize Fundi: Beetle ya baba, ibaki ilivyo au ibadilishwe?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, ametuachia Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1967. Imesimama miaka mingi chini ya mwembe nyuma ya nyumba na matairi yameisha upepo, lakini milango inafunguka na vioo vyote vipo. Nataka kuifufua, ila ushauri umekuwa mwingi. Fundi mmoja wa mtaani anasema injini za kupozwa kwa upepo hazifai kwa joto la Pwani, hivyo niitoe niweke ya Subaru. Kijana wangu anataka ishushwe na ivalishwe rimu pana. Mama naye hataki iguswe hata rangi. Nimsikilize nani, na nianzie wapi?
Mrithi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. 

Nianze na huyo fundi wa Subaru, maana kauli yake naisikia mara kwa mara hapa gereji kwangu Ilala, na imeshaharibu magari mengi mazuri. Ingekuwa kweli kwamba injini hii haiwezi joto, Beetle zisingeundwa Brazil, Mexico na Lagos kule Nigeria. Ya mwisho kabisa duniani ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, na hata hiyo ilikuwa inapozwa kwa upepo. Joto la Tanga haliishindi injini hii. Kinachoishinda ni kunyang'anywa vitu vyake.

Fungua boneti ya nyuma uone ninachosema. Kuna feni ndani ya kasha kubwa la bati, imefungwa kwenye shafti ya dainamo na inazungushwa na mkanda. Inavuta hewa baridi kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma kwenye mapezi ya silinda na kwenye kipozea oili, kisha hewa ile ikiwa ya moto inatokea chini ya gari. Juu kuna baridi, chini kuna moto, na kati yake kuna sakafu ya mabati iliyozungushiwa mpira pembeni ili hewa hizo mbili zisikutane. Mpira ukikatika, au bati moja likitolewa na fundi aliyeona linamsumbua mkono, moto wa ekzosi unapanda juu na feni inauvuta tena. Hapo gari litachemka hata Lushoto kwenye baridi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kukagua, kabla ya kununua spea hata moja. Angalia kama bati lililo nyuma ya puli kubwa ya chini lipo. Piga magoti uangalie mabati ya chini ya silinda, yale yanayoelekeza hewa. Watu huyatupa kwa kudhani ni takataka. Pitisha kidole pembeni mwa injini mzunguko mzima uone kama mpira upo na haujakakamaa. Kisha angalia kasha la feni: kuna matundu mawili makubwa, moja kila upande, yanayopeleka hewa kwenye mfumo wa kupasha joto ndani ya gari. Huku Pwani nani anataka hita? Watu waling'oa mabomba yake wakayaacha matundu wazi, na hewa iliyokusudiwa silinda ikawa inapotelea hapo. Kama mabomba hayapo, ziba matundu hayo kwa vifuniko vya bati. Mwalimu wangu wa ufundi hakuniruhusu kugusa kabureta ya Beetle mpaka nimtajie vipande vyote vya bati vilivyokosekana, na nami siwaruhusu vijana wangu.

Usiiwashe bado. Gari lililokaa chini ya mwembe limeshahamiwa na panya, na panya hupenda sana kulala ndani ya kasha la feni, juu kabisa ya silinda. Ukiliwasha bila kulifungua, majani na nyuzi zao zitaziba mapezi na silinda mbili zitaungua wewe ukiwa unashangilia mlio. Toa kasha, safisha, puliza. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale, halafu zungusha injini kwa mkono kwa spana namba 30 kwenye puli ya chini. Ikizunguka bila kukwama, shika puli hiyo kwa mikono miwili, ivute kwako na uisukume. Mchezo wa krankshafti, yaani shafti kuu ya injini, kwenda mbele na nyuma unatakiwa uwe kati ya milimita 0.07 na 0.13; ukipita 0.15, injini inataka kufunguliwa. Ukisikia "ko, ko" kwa sikio huhitaji hata kipimo.

Kama puli imetulia, mwaga oili ya zamani. Injini hii haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya tu chini, na oili yake ni lita mbili na nusu. Ndiyo maana oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 na isingoje zaidi. Safisha chujio hilo na ulichunguze: ukikuta vumbi linalong'aa kama rangi ya fedha, nipigie kabla ya kuendelea. Kisha rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi. Kwa injini nyingi za miaka hiyo ni milimita 0.15, ila ikiwa kwenye kasha la feni imebaki stika ya kiwanda inayotaja kipimo kingine, ifuate stika. Silinda namba 3, ile ya kushoto upande wa mbele, iangalie kwa makini zaidi, kwa sababu kipozea oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake nayo hupata moto kuliko wenzake. Kama valvu yake ya ekzosi inapoteza nafasi kila ukipima, inarefuka. Itoe kabla haijakatika na kutoboa pistoni.

Hilo la injini si gumu. Bodi ndiyo inayoniogopesha kwa gari la Tanga. Inua kiti cha nyuma. Upande wa kulia ndipo betri inapokaa, na asidi yake ikichanganyika na chumvi ya bahari, sakafu pale huliwa mpaka ukaona mchanga. Katikati, juu ya handaki, ule mgongo wa sakafu, utakuta namba ya chasisi. Ikianza na 117, gari lako ni la modeli ya 1967 kweli. Kisha chukua bisibisi ugonge mihimili iliyo chini ya milango, pande zote mbili, kuanzia mbele hadi nyuma. Ile ni mifereji ya hewa ya joto na wakati huohuo ndiyo uti wa bodi. Ikiwa bisibisi inazama, usikubali fundi bodi apake pati akapulizia rangi. Atakuonyesha kitu kinachong'aa, na mvua ya masika ikiisha milango itaanza kugoma kufunga. Mihimili hiyo ikatwe na ichomelewe mipya huku bodi imefungwa kwenye chasisi na milango ipo mahali pake, ili mianya ya milango isihame. Pesa yako kubwa iende hapo. Rangi inaweza kungoja hata miaka miwili, na hapo mama atafurahi.

Sasa swali lenyewe la kubadili. Huwezi kuamua kubadilisha gari ambalo hujawahi kuliendesha likiwa kamili. Unalolijua sasa ni gari lililosimama, na kabla ya hapo pengine lilikuwa gari lenye mpira uliokatika, mkanda uliolegea na kabureta inayovuja. Hujui bado Beetle 1300 ikiwa nzima ikoje. Irudishe kwanza kama ilivyotoka kiwandani kwa upande wa mitambo, iendeshe masika moja na kiangazi kimoja, nenda nayo Muheza, Pangani na Korogwe, halafu ndipo uandike orodha ya yanayokukera. Nina hakika orodha hiyo itakuwa fupi kuliko ya kijana wako.

Kuna mambo mawili ambayo hayangoji msimu. La kwanza ni breki. Gari lako lina breki za mkondo mmoja: bomba moja la mpira likipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali inazama na unabaki na breki ya mkono tu. Weka masta silinda ya mikondo miwili kutoka modeli za baadaye. Inafungwa mahali palepale, inahitaji chupa ya mafuta ya breki inayofaa na mabomba ya ziada, na haikati bati lolote. Mabomba yote ya mpira yabadilishwe, hata yanayoonekana mazima. Breki za ngoma zikiwekwa sawa zinatosha gari la nguvu hii. Diski za mbele zije baadaye ukipenda, na kiwanda chenyewe kiliziweka kwenye Beetle 1500 enzi hizohizo. La pili ni mikanda ya viti. Wewe utakuwa unabeba wajukuu wa mwalimu humo.

Yanayofuata ni hiari yako, na mimi nayakubali kwa sababu yanarudishika. Ikiwa gari lako bado ni la volti 6, unaweza kulihamishia volti 12: betri, dainamo na regulata yake, koili, balbu zote, flasha, mota ya waipa, na ile choki ya umeme kwenye kabureta. Starta ya volti 6 iache hapohapo. Inafanya kazi vizuri kwa 12 mradi usiishikilie muda mrefu. Usinunue starta ya volti 12 kabla hujaangalia gurudumu la injini, kwa sababu la zamani lina meno 109 na la baadaye 130, na hazishikani. Badala ya platini, vile vipande vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, unaweza kuweka kifaa cha kielektroniki kinachojificha chini ya kofia ya distribyuta. Platini za zamani ziweke kwenye droo ya dashibodi pamoja na mkanda wa feni wa akiba. Siku taa nyekundu ya dainamo itakapowaka njiani, simama hapohapo, usiseme nitafika pale mbele. Mkanda huo ukikatika, feni imesimama.

Subaru ina injini nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ni injini ya maji. Inataka rejeta, na rejeta inataka upepo, kwa hiyo utakata pua ya gari au sehemu ya chini na kupitisha mabomba ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Giaboksi yako ilitengenezwa kwa nguvu ya farasi 40. Utaipa zaidi ya mara mbili. Na ekseli zako za nyuma ni zile zinazobembea kutoka kwenye giaboksi: ukiingia kona kwa kasi kubwa kisha ukaachia mafuta ghafla, gurudumu la nyuma hujikunja kuingia ndani na mkia wa gari unainuka. Kwa hiyo ukiongeza nguvu, lazima ubadilishe ekseli, kisha breki, kisha giaboksi, halafu uende kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. Mwisho wa safari hiyo hutakuwa na gari la baba yako. Utakuwa umetumia bodi yake tu. Mwenye Beetle iliyokwisha oza na isiyo na injini namwambia afanye, na nitamsaidia. Wewe una gari kamili.

Kijana wako usimkatishe tamaa, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki nalo. Kulishusha mimi sikubali: barabara za mitaa ya Tanga baada ya mvua unazijua, na cha kwanza kugonga ni mabati yaleyale ya chini ya injini tuliyoanza nayo. Rimu pana nazo zitakula mbawa, yale mabati yanayofunika magurudumu. Mpe kazi ya kweli. Afungue kabureta, aisafishe na kuifunga, aweke gasketi mpya. Ajifunze kupima valvu. Kama bado anataka rimu baada ya mwaka, anunue zake, na zile za asili zihifadhiwe zikiwa zimepakwa grisi stoo.

SWALI: Mzee fundi, habari za kazi. Nimenunua Beetle 1200 ya mwaka 1961 hapa Nairobi. Aliyeniuzia anasema iliwahi kukimbia Safari Rally. Chini ya injini kuna bamba nene la chuma, dashibodi ina matundu ya ziada, na mbele kuna vyuma vya kufungia taa. Je, niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, au niipake rangi na namba za Safari niende nayo Concours, yale mashindano ya urembo wa magari?
Mpenda Safari, Nairobi

JIBU: Umenipa swali zuri sana, na jibu langu kwako ni tofauti na la ndugu yetu wa Tanga.

Beetle na Safari zina historia ya kweli. Mashindano yalianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake ya dukani. Volkswagen ilishinda 1954 ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, ikashinda tena 1957, na 1962 Tommy Fjastad na Bernard Schmider wakaleta ushindi mwingine kwa 1200. Zilishinda kwa sababu zilipita kwenye matope ambayo magari makubwa yalizama, uzito wa injini ukiwa juu ya magurudumu yanayosukuma, na hazikuwa na maji ya kuchemka wala rejeta ya kutobolewa na jiwe.

Kwa hiyo usiling'oe bamba hilo, wala usizibe matundu ya dashibodi. Mabadiliko yaliyofanywa na mtu aliyelitumia gari kwa kazi ya kweli, miaka sitini iliyopita, ni sehemu ya gari hilo. Ukilirudisha kama la dukani utakuwa umefuta kitu ambacho hakirudi. Lakini pia usibandike namba wala jina la dereva mpaka upate ushahidi. Muuzaji kusema tu haitoshi. Anza na namba ya usajili wa kwanza kwenye logbook, kisha tafuta picha na orodha za washiriki kwenye magazeti ya wakati ule. Magazeti ya zamani yapo Kenya National Archives pale Moi Avenue. Chunguza matundu: ndani ya yaliyotobolewa miaka sitini iliyopita ni tofauti na ndani ya yaliyotobolewa mwaka juzi. Wapo waliofunga taa na bamba kwa sababu waliishi shamba lenye barabara mbaya, na hiyo pia ni historia ya heshima.

Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na sasa hufanyika Ngong Racecourse, yana majaji wanaopiga magoti kuangalia chini ya gari. Wapelekee gari safi, zima, lenye alama zake za kweli, na karatasi ya maelezo isiyo na neno usiloweza kulithibitisha. Rangi yake ya sasa, kama bado imeshika bati, ing'arishe kwa mkono na uiache.

SWALI: Fundi, Beetle yangu asubuhi kabla sijaiwasha inanuka petroli nyuma. Ikishawaka harufu inaisha. Niendelee kuitumia?
Morogoro

JIBU: Hapana. Usiiwashe tena leo.

Kuna kipande cha bomba la shaba nyeupe kinachoingiza petroli kwenye kabureta. Kilisukumizwa tu kiwandani, hakina nyuzi, na kwa miaka hulegea na kuchomoka. Petroli inamwagikia distribyuta iliyo chini yake, na humo kuna cheche. Kishike kwa vidole. Kikicheza, toa kabureta upeleke kwa fundi akitie nyuzi au akikaze vizuri. Kisha badilisha mabomba yote ya mpira ya petroli: la chini ya tangi mbele, la karibu na giaboksi ambalo wengi hulisahau kwa kuwa halionekani, na yale ya kwenye pampu na kabureta. Yote yawe mpira wa petroli, na kila ncha ifungwe klipu. Ukikuta filta ya plastiki inaning'inia juu ya injini, ihamishie mbele chini ya tangi.

Nasisitiza kwa sababu kasha la injini na giaboksi yako vimetengenezwa kwa madini ya magnesiamu. Ukiuwahi moto wa petroli kwa kizimamoto cha poda, gari linapona. Magnesiamu ikishashika, maji yanauongeza moto badala ya kuuzima. Nunua kizimamoto, kifunge karibu na kiti cha dereva, na mpaka mabomba yabadilishwe gari lilale nje, mbali na ukuta wa nyumba, nyaya za betri zikiwa zimefunguliwa.